Yaliyosemwa na Yaliyonyamaziwa: Ushuhuda wa Imani kutoka Thogoto hadi Kangemi

Barabara ya Waiyaki hutoka Westlands, ikapita Kangemi na Uthiru, ikaelekea Kikuyu. Upande wa kulia iko Kabete, ambako Waanglikana wa CMS walifungua misheni mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa kushoto, ng'ambo ya mabonde, ziko Riruta, Dagoretti na Thogoto. Ukanda huu mfupi ndio uliolea sehemu kubwa ya Ukristo wa Kenya ya kati. Hapa ndipo wamisionari wa Kiprotestanti walipokutana mwaka 1913 kujadili umoja, na hapa ndipo shule ya Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926. Historia ya misheni hizo, ya hospitali na shule na majengo yake, imeandikwa na inaendelea kuandikwa. Iliyoachwa nyuma ni historia ya midomo: nani alimsimulia nani jinsi alivyomwamini Kristo, alisimulia nini, na alificha nini. Nashikilia kwamba historia hii ya pili ndiyo inayoeleza kwa nini imani ilirithiwa katika nyumba moja na ikakatika kwa jirani. Ukiifuata tangu 1898, jambo moja hujirudia: kizazi kilichopewa ushuhuda uliochujwa, uliotolewa aibu na ugomvi wake, kilikwenda kuitafuta sehemu iliyochujwa mahali pengine, na mara nyingi hakikurudi.

Misheni ya Waskoti wa Thogoto haikuanzia Kikuyu. Ilianzia Kibwezi mwaka 1891, katika nchi kavu yenye malaria na watu wachache, na ni huko Kibwezi ambako Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Dagoretti aliyepelekwa uhamishoni na Waingereza, alifariki mwaka 1892. Miaka 6 baadaye Thomas Watson aliihamishia misheni katika nchi ya Waiyaki. Alikuta njaa kuu ya 1898 hadi 1900, iliyofuatana na ndui na kuua watu wengi Kiambu. Watson mwenyewe akafa mwaka 1900, na mjane wake, Minnie Watson, akaendelea na kazi hadi 1931. Wengi wa waliojia misheni katika miaka ile ya kwanza walikuwa watoto na vijana: wengine wakitafuta chakula, wengine wakikimbia kuchunga mbuzi, wengine wakivutwa na maandishi. Kamau wa Ngengi, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Jomo Kenyatta, alijitokeza Thogoto mwaka 1909, akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Kwa hiyo ushuhuda wa kwanza katika ukanda huu ulipanda kutoka chini kwenda juu. Mtoto ndiye aliyekuwa na jambo la kumweleza mzazi, tena mzazi ambaye hakuwa ameomba kuelezwa. Katika jamii ambamo mzee ndiye mwenye neno barazani, hayo yalikuwa mageuzi makubwa, na hayakupita bila majeraha. Mkristo wa kwanza wa ukoo, ambaye leo anakumbukwa kama mzee mtulivu katika picha iliyotundikwa ukutani, huenda alianza kama mtoto mtoro aliyemkosea baba yake. Sehemu hiyo ya habari ndiyo ambayo mjukuu wake angeielewa upesi kuliko zote, na ndiyo iliyo nadra kusimuliwa.

Kumbukumbu za miaka hiyo zilishikwa na watu wa aina mbili, na hakuna kati yao aliyekuwa akiwaandikia watoto wa Thogoto. Wamisionari waliwaandikia wafadhili wa Scotland, waliotaka habari za ushindi. Wazee wa kanisa walishika kitabu cha nidhamu: nani amekunywa pombe, nani ameoa kimila, nani amezuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Kenyatta mwenyewe alizuiwa mwaka 1920. Linganisha hali hiyo na pwani. Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kinachosimulia jinsi watu wa kizazi cha baba yake walivyotekwa, walivyookolewa baharini na manowari za Waingereza, na walivyopata makazi na imani Freretown, kijiji ambacho CMS walikianzisha karibu na Mombasa mwaka 1875. Mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru ndiye aliyeshika kalamu, na hakuruka utekwaji ili afike haraka kwenye ubatizo. Msomaji anaelewa kwa nini watu wale walimwita Mungu mkombozi, kwa sababu kwanza ameonyeshwa walikombolewa kutoka wapi. Kitabu hicho kimelaumiwa kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo Freretown ilipata kitu ambacho Thogoto ilikikosa kwa miaka mingi, yaani simulizi ya imani iliyoandikwa na mwana kwa ajili ya wana.

Gharama ya kukosa simulizi ya namna hiyo ilionekana tangu mwaka 1929. Kuelekea mwisho wa mwaka huo, misheni za Kikuyu, Dkt. John Arthur wa Thogoto akiwa mstari wa mbele, ziliwataka waumini waweke alama ya kidole, yaani kirore, kukana tohara ya wanawake. Walimu wa misheni walitakiwa pia kukana chama cha Kikuyu Central Association. Wengi walikataa. Ndani ya muda mfupi Thogoto ikapoteza sehemu kubwa ya washirika wake, madarasa yakabaki matupu, na wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na waliokuwa upande wao, ukaenea vijijini mpaka serikali ikaupiga marufuku. Waliotoka walijenga shule zao wenyewe. Huku kusini mwa Kiambu, Dagoretti ikiwamo, nguvu ilikuwa ya shule za Karing'a, na wakuu wake walipotafuta makasisi wasio chini ya wamisionari walimpata Daniel William Alexander, askofu wa kanisa la African Orthodox kutoka Afrika Kusini, aliyefika mwaka 1935. Matunda ya safari yake yapo mpaka leo: seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, yenye jina la Askofu Mkuu Makarios wa Kupro, iko katika eneo lilelile ambalo miaka 90 iliyopita lilikuwa uwanja wa mvutano kati ya kirore na karing'a.

Gawanyiko hilo halikufuata mipaka ya vijiji. Lilipita katikati ya nyumba, kati ya ndugu na ndugu, kati ya mke na mume. Baadaye waliobaki katika misheni walisimulia uaminifu wao, na walioondoka wakasimulia uhuru wao. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, na kila upande uliondoa katika simulizi yake sura ya ndugu aliyekwenda upande wa pili. Wasichana, ambao miili yao ndiyo iliyogombaniwa, walisikika kidogo sana. Haya yana matokeo yanayoweza kuonekana. Watoto wa Kenya huru hawakuipata habari ya 1929 kanisani. Waliipata darasani, katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1965, The River Between, ambamo binti wa mhubiri anataka kuwa Mkristo na kutahiriwa kwa pamoja, na anakufa akijaribu. Mwandishi huyo, mzaliwa wa Limuru aliyesoma Alliance kuanzia 1955, alifanya kwa hadithi ya kubuni kazi ambayo makanisa yangeweza kuifanya kwa ushuhuda wa kweli, kwa kuwa mashahidi walikuwa bado hai na walikuwa wameketi katika viti vya mbele kila Jumapili. Mimi huliona hilo kuwa hasara kubwa. Riwaya inaweza kumwonyesha kijana uchungu wa mgawanyiko ule, lakini haiwezi kumwambia jinsi nyanya yake mwenyewe alivyoendelea kuomba baada ya dada yake kukataa kumsalimu.

Katika mwaka uleule wa 1929, mbali na Kikuyu, lilianza jambo jingine. Mwezi Septemba, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana na kuungamiana udhaifu wao. Uamsho uliochipuka kutoka Gahini ulifika Kenya mwaka 1937, na mahali ulipotua ni Kabete. Timu iliyokuja haikuleta mafundisho mapya. Ilileta namna mpya ya kusema. Katika mikutano ya ushirika mtu alisimama, akataja jina lake, akasema ameokoka na anampenda Yesu kama Mwokozi wake, kisha akaeleza ametolewa katika nini: wizi fulani, chuki dhidi ya mtu fulani, uongo aliomwambia mkewe juzi. Wenzake wakaitikia kwa pambio la Kiganda la Tukutendereza, lililoimbwa na watu wa makabila mengi wasiojua Kiganda. Waliookoka walirudisha vitu walivyoiba kwa waajiri na majirani. Mwanamke alishuhudia mbele ya wanaume, kijana mbele ya wazee, na mwalimu aliungama mbele ya wanafunzi wake. Mikutano mikubwa ya Kahuhia mwaka 1947 na Kabete mwaka 1949 ilivuta maelfu ya watu, na mtu aliyeisikia sauti ya umati ule akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake alikua akijua kwamba imani ni jambo lenye tarehe, mahali na majina ya watu.

Palikuwa na pingamizi kali, na lazima lisikilizwe kwa heshima kwa sababu halikutoka kwa wapinzani wa Ukristo peke yao. Wazee wengi wa Kikuyu, wakiwamo wazee wa kanisa, waliona ushuhuda wa waliookoka kuwa utovu wa adabu. Mtu mzima, walisema, hulinda siri za nyumba yake. Anayesimama hadharani kutaja uzinzi wake anamvua nguo mkewe na watoto wake pia. Katika mambo mengi walikuwa na haki. Ushuhuda wa mtu mmoja hubeba ndani yake watu ambao hawakuombwa ruhusa, na baadhi ya ndugu walifika mahali pa kushindana kuungama, dhambi kubwa ikawa kama cheo. Lakini pingamizi hilo linahusu mpaka wa kusema, na haliondoi haja ya kusema. Kuungama deni langu kwa jirani yangu hakumvui jirani nguo. Tena wazee hao hawakuwa na njia nyingine ya kuwapa vijana. Mafundisho ya ubatizo yaliwapa watoto majibu ya kukariri. Nidhamu ya kanisa iliwaonyesha nani amefukuzwa. Hakuna lolote kati ya hayo lililowaonyesha mtu mzima akikosa, akitubu, na akipokelewa tena na wenzake, na bila kuona hilo kwa macho, neno neema hubaki msamiati wa mtihani.

Ushuhuda huu ulipimwa kwa damu baada ya Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Vuguvugu la Mau Mau liliunganishwa kwa kiapo cha siri. Uamsho uliunganishwa kwa kusema hadharani. Haikuwezekana mambo hayo mawili yakakaa pamoja ndani ya mtu mmoja, na ndugu wengi walikataa kiapo wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo. Wengi wao walikataa pia bunduki za walinzi wa serikali, kwa sababu hawakutaka kumuua Mkikuyu mwenzao. Hivyo wakawa watu wasioaminika kwa pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa uamsho huko Kiambu, alionyesha jinsi mambo yalivyofungamana: yeye na Kenyatta walikuwa wameoa katika nyumba moja, ya Chifu Koinange wa Mbiyu, na mwaka 1952 Koinange na Kenyatta wote walikuwa kizuizini. Mwezi Mei 1955, vita vikiendelea, Kariuki aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Namirembe pamoja na Festo Olang', wakiwa maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kianglikana nchini Kenya. Alichapisha kumbukumbu zake miaka 30 baadaye, mwaka 1985.

Baada ya vita, wafu wa uamsho walipewa heshima yao. Edith Wiseman aliandika kijitabu juu ya wafia imani Wakikuyu mwaka 1958, na huko Murang'a likajengwa kanisa kuu la Mtakatifu James na Mashahidi Wote, ambamo Elimo Njau, mchoraji kijana kutoka Marangu, alichora ukutani kuzaliwa, kubatizwa na kusulubiwa kwa Kristo katikati ya migomba, mabonde na nyuso za Kikuyu. Picha zile ni mojawapo ya ushuhuda bora zaidi uliowahi kuachiwa kizazi kijacho katika nchi hii. Lakini simulizi iliyozizunguka ilikuwa ya upande mmoja. Katika madarasa ya miaka ya 1960, mtoto wa aliyeuawa kwa kukataa kiapo alikaa dawati moja na mtoto wa aliyepigwa katika kambi ya kizuizi ya Manyani, au ambaye jamaa yake alikuwa miongoni mwa wafungwa 11 waliouawa katika kambi ya Hola Machi 3, 1959. Wa kwanza alikuwa na wafia imani wake katika vitabu vya kanisa. Wa pili aliambiwa asahau. Hata serikali mpya ilitaka watu wasahau, na kanisa likaona ni busara kukubaliana nayo. Kwa hiyo palikuwa na Wakristo, tena wengi, waliosali kizuizini na kusoma Biblia kambini, ambao ushuhuda wao haukupata mimbari.

Wachache walivunja ukimya huo, na inafaa kuona nini kiliwafanya wasikilizwe. Bildad Kaggia, aliyezaliwa Dagoretti mwaka 1921, alirudi kutoka vita vya pili vya dunia akiwa na imani iliyowaka, akaachana na Waanglikana, akaanzisha kanisa lake mwenyewe, kisha akahukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Katika tawasifu yake ya mwaka 1975 hakuitenga imani hiyo na siasa yake. Alieleza jinsi kusoma Biblia kulivyomfanya aukatae utawala wa wamisionari kabla hajaukataa utawala wa gavana. John Gatu, mzaliwa wa Kiambu na askari wa vita hivyohivyo, aliokoka katika uamsho na akawa katibu mkuu wa kanisa la Kipresbiteri, PCEA. Mwaka 1969, viapo viliporudi, safari hii Gatundu, kwa faida ya waliokuwa madarakani, Gatu na kanisa lake walivipinga waziwazi, na magazeti ya makanisa, Target na Lengo, yaliyohaririwa na Henry Okullu, yakaandika. Mwaka 1971 huko Milwaukee, Marekani, Gatu aliwashangaza wenyeji wake kwa kuwaambia kwamba wamisionari na fedha zao wapumzishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame yenyewe. Mtu yuleyule aliyeshuhudia wokovu kwa lugha ya uamsho ndiye aliyesema hivyo, na hakuona mgongano wowote. Kitabu chake cha mwaka 2006, kilichochapishwa Nairobi, kinamfaa msomaji kijana hasa kwa sababu hakimwombi achague kati ya kuwa Mkristo na kuwa Mwafrika.

Katikati ya jiji kuna jengo moja ambalo mawe yake yanabeba mengi ya miaka iliyofuata. Kanisa Kuu la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 kwa ajili ya walowezi, liliwapokea mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliofukuzwa na polisi kutoka Uhuru Park, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Mama hao walikaa chini ya kanisa karibu mwaka mzima mpaka wengi wa wana wao walipoachiliwa. Julai 7, 1997 polisi waliingia ndani ya kanisa lilelile na kuwapiga waliokimbilia humo, Mchungaji Timothy Njoya akiwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Haya yamo katika vitabu vya siasa. Swali langu ni jinsi yanavyosimuliwa katika shule ya Jumapili, na kama mtoto anayepita hapo na wazazi wake anajua mama hao walikuwa wakiimba na kuomba nini usiku.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka kwa wanahistoria. Kumbukumbu ya mzee, wanasema, si kumbukumbu ya tukio tu. Ni kumbukumbu ya mara zote alizolisimulia. Ushuhuda wa uamsho ulikuwa na kalibu yake, giza kwanza na nuru baadaye, na aliyeokoka alijifunza kupanga maisha yake kufuata kalibu hiyo, kama vile wasomaji wa Bunyan walivyojifunza kuyaona maisha yao kuwa safari ya msafiri. Ndiyo maana shuhuda nyingi zilifanana mno, na kijana aliyezisikia kila wiki aliweza kuzimalizia kabla ya msemaji hajazimaliza. Nakubali. Lakini kalibu haitufungi mikono kabisa. Majina, mahali na madeni yanaweza kuhakikishwa: vitabu vya ubatizo vipo, kumbukumbu za vikao vya kanisa zipo, na majirani wa upande wa pili wapo au watoto wao wapo. Tena kasoro ya kalibu ni kwamba ilisimama kwenye siku ya wokovu, kana kwamba miaka 40 iliyofuata haikuwa na mashaka wala kuanguka. Dawa yake ni kumuuliza mzee kuhusu hiyo miaka 40. Mwanahistoria anayekataa ushuhuda kwa sababu umepangwa atabaki na barua za wamisionari na kitabu cha nidhamu, na hivyo pia vilipangwa, tena na watu wengine.

Wapo watakaosema kwamba ninaandika habari za Waprotestanti wa Kikuyu, na kwamba mitaa ya magharibi ya Nairobi imebadilika. Ni kweli imebadilika. Kangemi na Kawangware leo zimejaa familia zilizotoka magharibi mwa Kenya, zikaja na kanisa la Marafiki, lililofika Kaimosi mwaka 1902, na kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa mwaka 1942 na Zakayo Kivuli, ambalo nalo linajua vizuri kuungama hadharani, ngoma na bendera zikitangulia. Wakatoliki wamekuwapo ukanda huu tangu mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walipofungua misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899. Hawakuwa na desturi ya kusimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Walikuwa na majina ya watakatifu, na tangu 1964 walikuwa na wafia imani wa Uganda waliotangazwa watakatifu. Lakini maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kusisitiza jumuiya ndogo ndogo, walifungua mlango uleule: majirani kumi au kumi na tano katika nyumba ya mmoja wao, Injili ikisomwa, kila mtu akieleza inavyogusa wiki yake. Novemba 27, 2015 Papa Fransisko alifika Kangemi, parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na siku hiyohiyo akakutana na vijana Kasarani. Akiwajibu maswali yao alitoa mfukoni rozari na njia ndogo ya msalaba, akawaeleza kwamba huvibeba daima na huvishika mambo yanapokuwa mabaya. Kati ya yote aliyosema katika ziara ile, hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na kile Wakristo wa Kabete walichokifanya tangu 1937.

Ugumu wa leo umekaa kwanza katika lugha. Biblia nzima ya Kikuyu ilitoka mwaka 1951, na kizazi kilichookoka wakati huo kilimjua Mungu kwa maneno ya Kikuyu yaliyonolewa vizuri. Mjukuu wa Uthiru anasema Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na akikaa na nyanya yake wanabadilishana salamu, habari za shule na chai, kisha maneno yanaisha. Ugumu wa pili ni heshima. Vijana walioandamana Juni 2024 waliuliza kwa sauti kwa nini mimbari hukabidhiwa wanasiasa, na hilo lilikuwa swali la imani kama lilivyokuwa la siasa: mnatuambia nini kuhusu ukweli wenu wenyewe? Mzee anayejibu kwa kueleza alivyokuwa mwaminifu tangu ujana atakuwa ameshindwa kabla hajamaliza. Anayejibu kwamba mwaka 1969 aliogopa, akala kiapo, na ikamchukua miaka kurudi mbele za Mungu, atakuwa amempa kijana mahali pa kusimama. Na ugumu wa tatu ni kwamba tumeuhamishia ushuhuda kwenye mazishi. Kitabu cha mazishi chenye picha za rangi humtaja marehemu kwa tarehe, shule na kazi, na katikati yake huwekwa mstari mmoja: aliokoka mwaka fulani. Mstari huo ungekuwa mlango kama angeulizwa akiwa hai. Baada ya kifo hauna wa kuufungua.

Watu waliokuwa na miaka 20 kwenye mkutano wa Kabete mwaka 1949 wamekwisha kupita miaka 95. Waliobaki ni wachache, na kazi ya kuwasikiliza haihitaji fedha nyingi: simu yenye kinasa sauti, kijana mmoja na mtu mzima mmoja anayejua lugha ya mzee, na ruhusa ya familia. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo huko Limuru kinafundisha wachungaji wa madhehebu kadhaa. Mwanafunzi akipewa kila muhula mzee mmoja wa parokia yake amsikilize, katika miaka michache sauti zingejaa kabati. Maswali yanayofaa ni yale ambayo adabu imeyazuia kwa muda mrefu: dada yako alikwenda upande gani mwaka 1930, na mlipatana lini; nani alikuletea kiapo, na ulimwambia nini; ulirudisha nini ulipookoka, na kipi hukuweza kurudisha; ni lini uliacha kuomba. Hofu ya wazee wa zamani kuhusu siri za nyumba inaweza kuheshimiwa ndani ya kazi hii. Hifadhi ya Taifa pale Moi Avenue hufunga nyaraka za serikali kwa miaka 30 kabla ya kuzifungulia umma, na parokia inaweza kuweka kanuni kama hiyo kwa sauti zinazowagusa watu walio hai: nakala moja kwa familia, nyingine kanisani, tarehe ya kufunguliwa ikiandikwa juu ya bahasha na kutiwa sahihi na mzee mwenyewe.